Joto la chini ya Tanganyika na gesi ya hidrojeni: lipi litamfikia kwanza mkaazi wa Kizuka?

Wakaazi wa Kizuka, Rumonge na mwambao wote wa Burundi wa Ziwa Tanganyika wanaishi juu ya Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi ya Afrika inapasuka polepole na joto la kina kirefu hupata njia ya kupanda juu. Ni wakaazi haohao wanaojua vyema maana ya kukosa nishati. Uhaba wa esansi na mazuti umekuwa ukijirudia nchini Burundi katika miaka ya karibuni, na mafuta yanapokosekana mitumbwi ya mota hulala ufukweni. Mawese bado huchemshwa kwa kuni. Kwa jumla, takriban mtu mmoja tu kati ya kumi nchini humo ndiye aliyefikiwa na umeme.

Katika mijadala ya kimataifa kuhusu nishati ya kesho, mambo mawili hutajwa mara kwa mara. La kwanza ni hidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote, inayoweza kuendesha gari au meli bila kutoa moshi. La pili ni jotoardhi la kina kirefu, yaani kuchimba visima vya kilomita kadhaa ili kulifikia joto ambalo zamani halikufikika. Nchi za Afrika Mashariki zimo katika mijadala hiyo, na ahadi ni nyingi.

Je, ahadi hizo zina maana gani kwa mvuvi wa ndagala au mkamuaji wa mawese? Jibu fupi ni kwamba joto lipo, lakini kilichokosekana miaka yote si joto. Na hidrojeni, kinyume na inavyodhaniwa, si chanzo cha nishati hata kidogo. Maelezo yake ndiyo haya.

Kwa nini mwambao huu una joto

Mahali pengi duniani, ukichimba kwenda chini, joto huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita. Sehemu ya joto hilo ni masalia ya kuumbwa kwa dunia. Sehemu nyingine hutokana na madini ya mnururisho, kama vile urani, yanayovunjika polepole ndani ya miamba.

Katika Bonde la Ufa, gamba la dunia limetanuka likawa jembamba, na miamba yake imepasuka kwa nyufa ndefu. Maji ya mvua huzama katika nyufa hizo, hupashwa moto huko chini, kisha hurudi juu yakiwa chemchemi. Chemchemi za maji moto za Mugara, katika eneo hilohilo la Rumonge, ambako watu huenda kuoga, ni mfano wa safari hiyo ya maji.

Ziwa Tanganyika lenyewe ni zao la mpasuko huo. Kina chake hufikia takriban mita 1,470, na ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Mpasuko haujakoma: tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea katika eneo la ziwa, likaangusha nyumba huko Kalemie upande wa Kongo na kusikika katika nchi kadhaa.

Yaliyokwisha kupimwa

Mwaka 1982 wataalamu kutoka Iceland, nchi inayopasha moto karibu nyumba zake zote kwa maji ya ardhini, waliizunguka Burundi wakipima chemchemi za maji moto. Yenye joto kubwa zaidi ilikuwa ya Ruhwa, kaskazini-magharibi, karibu na mpaka wa Rwanda: nyuzi 68.

Kipimo cha juu ya ardhi hakitoshi, kwa kuwa maji hupoa yakiwa njiani. Wataalamu huchunguza pia madini yaliyoyeyuka ndani yake. Maji moto huyeyusha silika, ambayo ndiyo asili ya mchanga, kwa wingi kuliko maji baridi. Hivyo wingi wa silika huwa kama kumbukumbu ya joto la huko yalikotoka. Kwa njia hiyo ilikadiriwa kwamba maji ya Ruhwa yametoka mahali penye joto la zaidi ya nyuzi 100.

Ng'ambo ya ziwa, karibu mkabala na Rumonge, ipo rasi ya Ubwari katika eneo la Fizi, Kongo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti waliozamia ziwani huko Banza, kwenye rasi hiyo, walikuta matundu yanayotoa maji moto chini ya ziwa, mengine yakifikia takriban nyuzi 100. Kwa maneno mengine, jiko limewaka pande zote mbili za ziwa. Swali ni jinsi ya kulitumia.

Kati ya Olkaria na Karisimbi

Mfano unaotajwa kila mara ni Olkaria, karibu na Naivasha nchini Kenya. Visima vya kwanza vilichimbwa huko katika miaka ya 1950. Umeme wa kwanza, megawati 15, ulipatikana mwaka 1981. Leo Kenya ina uwezo wa zaidi ya megawati 900 za jotoardhi, na karibu nusu ya umeme wake hutokana na mvuke huo. Ni mafanikio makubwa, lakini kati ya kisima cha kwanza na taa ya kwanza ilipita takriban robo karne.

Isitoshe, Olkaria haifanani na Rumonge. Upande wa mashariki wa Bonde la Ufa una volkano changa, na mawe yaliyoyeyuka yako karibu. Kisima cha kilomita mbili au tatu hukuta joto linalozidi nyuzi 300. Kwenye mwambao wa Burundi hakuna volkano. Joto lake huletwa na maji yanayozunguka katika nyufa, na kwa kawaida huwa la wastani.

Hata penye volkano, kuchimba ni kubahatisha. Mwaka 2013 Rwanda ilichimba chini ya mlima Karisimbi hadi takriban mita 3,000 na haikukuta hifadhi ya mvuke iliyotarajiwa. Kisima kimoja cha aina hiyo hugharimu mamilioni ya dola, na kikitoka kikavu fedha hazirudi. Ndiyo maana mwaka 2012 Umoja wa Afrika, kwa msaada wa Ujerumani na Umoja wa Ulaya, ulianzisha mfuko wa kubeba sehemu ya hasara za utafiti na uchimbaji wa jotoardhi katika Afrika Mashariki.

Kuchimba zaidi: tumaini na hatari

Watetezi wa teknolojia mpya husema kwamba siku zijazo haitakuwa lazima kutafuta chemchemi wala volkano. Joto liko kila mahali, mradi tu uchimbe vya kutosha.

Kimsingi ni kweli. Mwaka 2017 mradi wa Iceland ulifika kina cha mita 4,659 huko Reykjanes na kupima joto la zaidi ya nyuzi 400. Njia nyingine ni kupasua miamba mikavu yenye joto kwa shinikizo la maji, ili maji yapite ndani yake na kurudi yakiwa moto. Ipo pia njia ya kuzungusha maji katika mabomba yaliyofungwa, yasiyogusana na mwamba. Ujerumani inaijaribu huko Geretsried, kusini mwa Munich.

Lakini kina kirefu kina gharama zake. Warusi walichimba kisima cha utafiti huko Kola hadi mita 12,262, kina ambacho walikifikia mwaka 1989 baada ya kazi ya karibu miaka 20, na joto la nyuzi 180 lilikuwa miongoni mwa sababu zilizowazuia kuendelea. Na kupasua miamba kunaweza kuamsha nyufa zilizolala. Huko Basel, Uswisi, mradi ulisimamishwa baada ya matetemeko yaliyoanza Desemba 2006. Huko Pohang, Korea Kusini, tetemeko la Novemba 2017 lenye ukubwa wa takriban 5.4 lilijeruhi watu wengi, na uchunguzi wa serikali ukalihusisha na mradi wa jotoardhi uliokuwa karibu. Kwa mwambao uliokwisha kuonja tetemeko la 2005, jambo hilo halipaswi kuachwa nje ya mazungumzo.

Mitambo miwili iliyosahauliwa

Ziwa hili na jirani zake wana historia yao ya jotoardhi, ingawa haisimuliwi mara nyingi.

Mwaka 1952, wakati wa utawala wa Wabelgiji, mtambo mdogo ulijengwa huko Kiabukwa katika Katanga, Kongo. Ulitumia maji ya chemchemi ya nyuzi 91 tu na kutoa takriban kilowati 200 kwa ajili ya mgodi. Ulikuwa miongoni mwa mitambo ya mwanzo kabisa ya aina yake, tena uliotumia maji yasiyofika hata kiwango cha kuchemka. Kazi za mgodi zilipokoma, mtambo nao ukaachwa.

Wa pili uko kwenye mwambao wa Tanganyika hasa, mwisho wa kusini wa ziwa. Katika miaka ya 1980 Italia iliisaidia Zambia kujenga mtambo wa kilowati 200 kwenye chemchemi za Kapisya, karibu na Sumbu. Visima vilichimbwa na mashine zikafungwa. Lakini mtambo haukuwahi kuanza kuwahudumia wananchi, kwa kuwa nyaya za kuufikisha umeme kwa watumiaji hazikukamilishwa.

Somo la mitambo hii miwili ni moja. Maji moto yalikuwepo, na mashine zilikuwepo. Kilichokosekana ni nguzo na nyaya, fundi wa kudumu, na mtumiaji mwingine pale mtumiaji wa kwanza anapoondoka. Mradi wowote utakaokuja Rumonge utapaswa kupimwa kwa kipimo hicho kabla ya kusifiwa kwa kina cha visima vyake.

Hidrojeni ni chombo, si chanzo

Tofauti na joto la ardhini, hidrojeni kwa kawaida haikai mahali ikisubiri kuchotwa. Imefungamana na vitu vingine, hasa maji. Ili kuipata, ni lazima maji yatenganishwe kwa kupitishwa umeme: oksijeni inatoka upande mmoja, hidrojeni upande mwingine. Umeme huo ukitoka kwenye maji, upepo, jua au jotoardhi, hidrojeni huitwa ya kijani. Hata hivyo, sehemu kubwa mno ya hidrojeni inayotumika duniani leo bado hutengenezwa kwa gesi asilia na makaa ya mawe, na hutoa hewa ya ukaa.

Kuna nadra ya hidrojeni ya asili. Huko Bourakébougou nchini Mali, mwaka 1987 wachimbaji waliokuwa wakitafuta maji walitoboa kisima kilichotoa gesi iliyolipuka mtu alipowasha sigara. Kisima kilizibwa. Zaidi ya miaka 20 baadaye ilibainika kwamba gesi hiyo karibu yote ni hidrojeni, nayo ikatumika kuwasha taa za kijiji. Tangu hapo watafiti wanaitafuta kwingineko, Bonde la Ufa likiwemo, lakini hadi sasa Mali ndiyo mfano wa kutajwa.

Maji ya kutengenezea hidrojeni si tatizo kwa Tanganyika. Kilo moja huhitaji takriban lita tisa za maji safi, pamoja na mengine ya kusafishia na kupoozea, na ziwa lina karibu kilomita za ujazo 19,000. Tatizo ni umeme. Kilo moja ya hidrojeni hula uniti 50 hadi 55, uniti zilezile zinazohesabiwa kwenye mita ya Regideso. Kilo hiyo ina nishati ya takriban uniti 33, na inapogeuzwa kuwa umeme tena ndani ya gari au boti, karibu nusu hupotea. Hivyo katika uniti 100 zilizotumika, zinazofika kwenye rafadha ya boti ni kama 30. Betri, kwa upande wake, hurudisha zaidi ya 70.

Hesabu hiyo haimaanishi kwamba hidrojeni haina faida. Inamaanisha kwamba ni anasa kwa nchi isiyo na umeme wa ziada. Burundi imejenga mitambo ya maji kwenye mito ya Jiji na Mulembwe, yenye jumla ya karibu megawati 50, na inagawana na Rwanda na Tanzania megawati 80 za Rusumo. Umeme huo una wateja wanaousubiri: hospitali, vinu vya kusaga, majokofu ya samaki, na nyumba tisa katika kila kumi.

Mvuvi aendeshe mota kwa nini?

Norway ina kivuko kiitwacho MF Hydra, kilichoanza kutumia hidrojeni ya kimiminika mwaka 2023. Ni chombo cha kuvutia, lakini mafuta yake yalibebwa kwa malori kutoka Leuna, Ujerumani, yakiwa yamepoozwa hadi nyuzi 253 chini ya sifuri. Ikiwa Norway tajiri iliagiza hidrojeni kutoka mbali namna hiyo, ni vigumu kuona jinsi mtumbwi wa Kizuka utakavyoipata mapema.

Mfano ulio karibu zaidi uko Ziwa Victoria upande wa Kenya, ambako baadhi ya wavuvi tayari hukodi mota za umeme zenye betri zinazochajiwa kwa jua. Kwa safari fupi za kwenda na kurudi, njia hiyo ni rahisi zaidi kueleweka na kutengenezeka.

Mahali ambapo hidrojeni ya kijani inaweza kumgusa mkulima wa Burundi ni kwenye mbolea. Mbolea za naitrojeni hutokana na amonia, na amonia hutengenezwa kwa hidrojeni na hewa. Mkakati wa hidrojeni uliozinduliwa na Kenya mwezi Septemba 2023 unaweka mbolea mbele, kwa kuwa nchi hiyo huagiza mbolea yake ya naitrojeni kutoka nje. Iwapo amonia itatengenezwa kwa mvuke wa Naivasha au jua la eneo hili, bei ya mbolea huenda isitegemee tena vita na misukosuko ya mbali. Faida hiyo ingefika Rumonge ikiwa ndani ya mfuko wa mbolea, si ndani ya tangi la esansi.

Joto bila umeme

Katika mazungumzo ya megawati husahaulika kwamba joto linaweza kutumika kama joto. Huko Eburru, Kenya, wakulima walianza miongo mingi iliyopita kukausha pareto kwa mvuke wa ardhini na kukinga maji yake ya kunywa. Huko Menengai, karibu na Nakuru, shirika la serikali la jotoardhi limeonyesha namna maji moto yanavyoweza kuchemshia maziwa, kupasha mabwawa ya samaki, kukaushia nafaka na kufulia nguo.

Kwa mwambao wa Burundi, hapo ndipo penye matumaini ya karibu. Ndagala huanikwa juani, na mvua ikishikilia siku mbili huharibika. Kikaushio cha samaki huhitaji hewa ya nyuzi 40 hadi 60 tu. Mawese nayo huhitaji maji ya kuchemka. Lakini maji yanayoingia sufuriani yakiwa tayari na nyuzi 60 badala ya 25, karibu nusu ya kazi ya kuyafikisha nyuzi 100 imekwisha fanyika bila ukuni hata mmoja. Kazi kama hizo hazihitaji kisima cha kilomita tano. Huhitaji kisima cha kina kidogo, bomba lililofunikwa vizuri, na kinu kilichojengwa karibu na chemchemi.

Masharti yapo. Maji ya ardhini huwa na chumvi na pengine gesi yenye harufu ya yai bovu, ambayo ikikusanyika ndani huua. Kwa hiyo joto lake hupitishwa kwenye bomba linalopasha maji mengine safi, wala maji yenyewe hayagusi chakula. Na maji yaliyotumika lazima yarudishwe ardhini, yasimwagwe ziwani ambako mikeke na ndagala huzaliana.

Ardhi ni ya nani?

Rumonge inajua uzito wa neno ardhi. Wakimbizi wa mwaka 1972 waliporejea, wengi walikuta mashamba yao ya michikichi yana wenyewe wengine, na kesi za mashamba hayo zimechukua miaka mingi. Mradi wa kuchimba huhitaji barabara, uwanja wa mitambo na njia za mabomba, tena huongeza thamani ya ardhi ambayo jana haikugombewa.

Olkaria nayo ina onyo. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha upanuzi wa mitambo. Zilijengewa nyumba, lakini baadhi yao zililalamika kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya kuhusu makazi mapya na namna zilivyoshirikishwa, na suala likaishia kwenye usuluhishi.

Kwa hiyo wakaazi wanapoitwa mkutanoni kusikiliza mradi wa nishati mpya, yapo maswali matano ambayo kila mmoja ana haki ya kuuliza. Je, joto limepimwa hapa, au limekisiwa kutokana na mahali pengine? Kisima kikitoka kikavu, nani atalipa? Nyaya au mabomba yataishia wapi, na bei kwa mkaazi itakuwa ngapi? Fundi wa kuutunza mtambo baada ya miaka kumi atakuwa nani? Na kama ni hidrojeni, umeme wake utatolewa kwenye fungu la nani?

Kipimo cha kwanza hakihitaji mtambo mkubwa wa kuchimba. Kujua joto, wingi wa maji na madini ya chemchemi za Mugara katika kiangazi na masika ni kazi inayoweza kufanywa na wahandisi wa Burundi wenyewe wakiwa na vifaa vya kubeba mkononi na maabara. Matokeo yake yakibandikwa mahali pa wazi, kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili, mkaazi wa Kizuka atakuwa na namba yake mwenyewe ya kulinganisha na atakayoambiwa na mgeni.